Handaki la Kale Hulindwa kwa Maji, Si kwa Karatasi

Mashariki mwa Uingereza, katika maeneo ya Suffolk na Essex, si ajabu kukuta kichaka cha miti katikati ya shamba la ngano, na ndani ya kichaka hicho maji yaliyosimama yenye umbo la pembe nne. Si bwawa la asili. Ni handaki lililochimbwa kwa mikono miaka kama mia saba iliyopita, likazunguka kipande cha ardhi hadi kikawa kisiwa. Juu ya kisiwa hicho palikuwa na nyumba, jiko, ghala, pengine na kanisa dogo la familia. Nyumba ilikwisha zamani. Kilichobaki ni maji, majani yaliyozama na tope. Mahame ya namna hii yanayojulikana Uingereza yanafika kama 6,000. Sehemu yake yameingizwa katika orodha ya serikali ya kumbukumbu za kale, na tangu siku yanapoingizwa mwenye shamba haruhusiwi kulifukia handaki, kulichimba wala kumwaga kifusi humo bila kibali kinachotolewa kwa jina la waziri.

Wapo wanaoiona sheria hii kuwa mzigo usio na faida, na wapo wanaoiona bado ni legelege. Nimezifuatilia hoja za pande zote mbili, na kila upande umeshika ukweli wake. Lakini naamini mjadala umeng'ang'ania mahali pasipostahili. Watu wanagombania umbo la handaki, mstari wake kwenye ramani na ruhusa ya kuchimba, wakati hazina yenyewe imo ndani ya tope. Tope hilo huhifadhiwa na maji tu, na juu ya maji sheria haina la kusema.

Kwanza tuelewane kuhusu mahandaki yenyewe, maana msomaji wetu akisikia habari za handaki mawazo yanakwenda vitani. Wengi tumekua tukisimuliwa handaki la Madina, lililochimbwa mwaka 627 kwa ushauri wa Salman al-Farisi ili kuwazuia Maquraishi na washirika wao. Lile lilikuwa la vita kweli. Mengi ya haya ya Uingereza hayakuwa. Yalichimbwa zaidi kati ya 1250 na 1350, zama ambazo watu walikuwa wameongezeka, misitu inafyekwa kupata mashamba mapya, na kila aliyepata ardhi alitaka majirani wajue kwamba amepata. Kabaila mkubwa alikuwa na ngome na maji yake. Kabaila mdogo akamwiga. Hatimaye hata mkulima huru aliyejaliwa mali kidogo akachimba la kwake, jembamba, la kuzungushia nyumba na ghala.

Pamoja na kutangaza hadhi, handaki lilikuwa na kazi za kila siku. Lilikausha kiwanja cha nyumba katika nchi ya udongo mzito wa mfinyanzi. Lilifuga samaki, jambo lisilo dogo katika jamii ya Kikatoliki iliyojinyima nyama siku za Ijumaa na Kwaresma nzima. Lilinywesha mifugo, lilikuwa akiba ya maji moto ukishika paa la nyasi, na lilimchelewesha mwizi wa ng'ombe. Vyoo vya nyumba nyingi vilimwaga humo humo. Kisha ikaja njaa kuu ya 1315 hadi 1317, na nyuma yake tauni ya 1348 na 1349. Waliobaki hai walikuwa na mambo mengine ya kufanya kuliko kuchimba mahandaki ya fahari, na uchimbaji ukapungua ingawa haukukoma.

Hata kwenye ngome kubwa wataalamu hawajakubaliana. Bodiam, iliyoko Sussex Mashariki, ilijengwa na Sir Edward Dalyngrigge baada ya kupata kibali cha mfalme mwaka 1385, na maji yake mapana ndiyo picha inayowajia wengi wakiwazia ngome ya Kiingereza. Wapo wanaosema ilijengwa kuwazuia Wafaransa. Wengine wanasema ni maringo ya mtu tajiri, kwa sababu maji yale yamezuiwa kwa tuta la udongo ambalo adui mwenye majembe angeweza kulitoboa. Mimi naelemea upande huu wa pili. Lakini kinachonishughulisha zaidi ni kilichotokea karne tano baadaye. Lord Curzon, aliyewahi kuitawala India kwa niaba ya Uingereza, aliinunua Bodiam wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaikarabati, akalikausha handaki na kulizoa tope lake. Alipofariki 1925 aliiachia National Trust, taasisi inayotunza majengo na maeneo ya kihistoria. Ngome ilipona na inapendeza hadi leo, lakini lile tope lililokusanyika tangu zama za Dalyngrigge liliondoka bila kusomwa. Curzon aliipenda Bodiam kwa dhati, na hakuna aliyemwambia kwamba alichokuwa anakizoa kilikuwa sehemu ya ngome.

Sheria ya kwanza ya kulinda mabaki ya kale nchini humo ilipitishwa 1882, baada ya mbunge John Lubbock kuipigania kwa miaka mingi mbele ya wabunge wenzake waliokuwa wamiliki wa ardhi na hawakutaka serikali iingie mashambani mwao. Ilizaliwa dhaifu. Orodha yake ilikuwa fupi, ya mawe na makaburi ya kabla ya historia, Stonehenge ikiwamo, na ulinzi ulitegemea sana hiari ya mwenye ardhi. Mwaka 1913 ikaongezewa meno, na inayotumika sasa ni ya 1979. Leo orodha ina karibu maeneo 20,000, na shirika la Historic England ndilo linalomshauri waziri.

Kusoma maelezo ya handaki moja katika orodha hiyo kuna funzo. Yanaanza na vipimo: upana wa kila upande, kina kilichobaki, daraja lilipokuwa, ukubwa wa kisiwa. Kisha yanataja visivyolindwa: nguzo za uzio, njia ya zege, banda la kisasa, kibao. Halafu inakuja kauli inayojirudia kutoka eneo moja hadi jingine, kwamba ardhi iliyo chini ya vitu hivyo inalindwa. Kama kisiwani bado anaishi mtu, nyumba yake haimo. Hiyo inashughulikiwa na utaratibu wa majengo ya kihistoria. Mpaka wa ulinzi huchorwa kufuata ukingo wa nje wa handaki, na mara nyingi huongezwa mita 2 za tahadhari.

Yapo pia mambo ambayo sheria haifanyi, na hapa wengi hushangaa. Haiwafungulii wananchi lango; shamba ni la mtu, na bila ridhaa yake huingii. Haimlazimishi mwenye shamba kulitunza handaki. Akiacha miti iote na mizizi ichimbue kingo, hajavunja sheria. Na kama pale kisiwani palikuwa pakilimwa kabla, kwa kawaida anaruhusiwa kuendelea kulima kwa namna ile ile na kina kile kile. Anayeingia na kifaa cha kutafutia vyuma bila kibali anashitakiwa, lakini plau ya trekta inapita kila vuli.

Sasa tumsikilize mwenye shamba, kwa sababu anayo haki ya kusikilizwa kabla ya mtaalamu. Hakuomba kumbukumbu ya taifa iwe shambani mwake. Amerithi ardhi au ameinunua kwa mkopo, na sasa ana kipande ambacho hawezi kukisawazisha, hawezi kukijengea banda la mashine, na kila akitaka kubadilisha uzio inabidi aulize kwanza. Trekta na mashine ya kuvuna hulazimika kuzunguka. Ng'ombe akizama kwenye tope, hasara ni yake. Akiamua kulisafisha ili maji yarudi, anatakiwa apate kibali, alipie mwanaakiolojia wa kusimamia, na mara nyingi ahakikishe kwanza kwamba hakuna salamanda wakubwa wenye kishungi wanaozaliana humo, maana nao wana sheria yao. Watu wa mjini wanaofurahia kwamba urithi umelindwa hawachangii hata senti kwenye usumbufu huu. Tukisema handaki ni mali ya wote, kwa nini gharama iwe ya mmoja?

Hoja ya makazi nayo ina uzito. Serikali iliyoingia madarakani 2024 iliahidi nyumba milioni 1.5 katika miaka mitano, na vijana wa huko wanazisubiri, kodi zinawamaliza. Mwongozo wa mipango miji unasema kuiharibu vibaya kumbukumbu iliyoorodheshwa kuruhusiwe kwa nadra kabisa, na unahesabu pia mandhari yanayoizunguka. Maana yake mtaa mpya unaweza kupunguzwa au kusogezwa kwa sababu ya handaki ambalo wakazi wa pale hawajawahi kuliona.

Kuna hoja ya tatu, na naiona nzito zaidi kwetu sisi tuliotawaliwa. Mahandaki haya ni alama za mabwana. Jasho la kuyachimba, kwa sepeto za mbao zilizovishwa chuma ncha, lilikuwa la watu ambao majina yao hatuna, wengi wao wakiwa wamefungwa na ardhi ya bwana kiasi cha kutoweza kuihama bila ruhusa. Vibanda vyao vya miti na udongo vimeacha alama hafifu, na mara nyingi vimelimwa vikaisha. Ukilinda handaki la kabaila na kuacha kibanda cha mtwana kipotee, umeendeleza kumheshimu yule yule. Kwa nini taifa litoe fedha kutunza maringo ya tajiri wa karne ya 13?

Hoja hii ilinisumbua mpaka nilipoelewa kilichomo kwenye tope.

Chukua bonge la tope kutoka chini ya handaki ambalo halijawahi kukauka. Ni jeusi, linanata, na linanuka yai viza. Harufu hiyo ni habari njema. Inaonyesha kwamba hewa haijafika, na pasipo oksijeni vijidudu na kuvu wanaoozesha vitu hawafanyi kazi yao. Lioshe taratibu juu ya chujio lenye matundu madogo. Utabakiwa na soli ya kiatu cha ngozi yenye matundu ya sindano ya fundi, vibanzi vya shoka la seremala, kokwa za matunda, miiba ya samaki, mbegu za nafaka na za magugu yaliyoota ndani yake. Magamba ya mabawa ya mbawakawa wadogo yatakuambia kama jirani palikuwa na zizi, ghala la nafaka iliyobunguliwa au lundo la takataka. Chavua chini ya hadubini itaonyesha msitu ulivyorudi nyuma na ngano ilivyosonga mbele. Hata mayai ya minyoo ya tumbo yamo, kwa sababu ya vile vyoo.

Nani alivaa kile kiatu? Huenda ni mpishi, huenda ni mchunga nguruwe. Hati za manor, yaani milki ya ardhi ya bwana, ziliandikwa na karani wa bwana kwa ajili ya bwana: nani anadaiwa siku ngapi za kazi, nani katozwa faini. Mpishi anaonekana humo akikosea tu. Tope halikuwa na karani. Lilipokea kilichotupwa na kila mtu wa nyumba ile, mkubwa na mdogo, na kwa namna hiyo ndilo daftari la haki kuliko yote tuliyo nayo ya kijiji cha zama zile. Anayetaka kuwakumbuka watwana asilifukie handaki la bwana wao.

Na kasi ya kupotea ni kubwa. Utafiti wa kitaifa uliotolewa 1998 ulikadiria kwamba tangu 1945 nchi ile ilikuwa imepoteza wastani wa eneo moja la kale kila siku, na kilimo kilikuwa miongoni mwa visababishi vikuu. Miaka ya baada ya vita serikali iliyoogopa njaa ilitoa ruzuku za kukausha ardhi na kupanua mashamba, na mahandaki mengi yalisukumiwa udongo kwa tingatinga ndani ya siku chache. Ndiyo sababu mwaka 1971 watafiti waliunda kikundi maalumu cha kuyachunguza mahandaki haya, na wakati mwingine kazi yao ilikuwa kuchimba mbele ya mashine iliyokwisha kuwashwa. Bila orodha, naamini tungekuwa tumebakiwa na yale ya watalii tu: Bodiam, Ightham Mote, Baddesley Clinton.

Hata hayo ya watalii hayakuokolewa na sheria. Oxburgh Hall ya Norfolk, iliyopewa kibali cha mfalme mwaka 1482, ilikuwa imeuzwa na inangoja kubomolewa mwaka 1951. Wanawake watatu wa ukoo wa Bedingfeld waliuza nyumba zao wenyewe wakainunua tena, na mwaka uliofuata ikakabidhiwa National Trust. Ightham Mote ya Kent ilinunuliwa 1953 na Mmarekani, Charles Henry Robinson, aliyekuja kuiachia taasisi hiyo hiyo mwaka 1985, na ukarabati wake uliokamilika 2004 ulimeza zaidi ya pauni milioni 10. Handaki la katikati ya shamba, lisilo na jumba la kupigia picha, halina Mmarekani wala mabibi wa kuliuzia nyumba. Lina orodha tu.

Upande wa pili unajibu kwamba orodha imeyafungia maarifa chini ya ardhi, na una mifano. Reli ya mwendo kasi ya HS2 kati ya London na Birmingham ilipopita Coleshill, wachimbaji walifukua mabaki ya lango la mawe la jumba la kale lililozungukwa na handaki. Ukuta wa lango hilo ulikuwa na alama karibu 200 za risasi, na wanaakiolojia wanadhani ni za mapambano ya mwezi Agosti 1642, mwanzoni kabisa mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Bila reli, ambayo wapenda mazingira na historia waliipinga kwa nguvu, nani angechimba pale? Mradi mkubwa huja na fedha, wachimbaji na maabara. Ulinzi huja na uzio.

Lakini uweke mfano huo karibu na Carrickmines, kusini mwa Dublin. Hapo palikuwa na ngome ya zama za kati yenye mahandaki, mpakani mwa eneo lililoshikwa na Waingereza nchini Ayalandi. Barabara kuu ya M50 ilipangwa kupita juu yake. Uchimbaji wa 2000 hadi 2002 ulifunua mabaki makubwa kuliko yalivyotarajiwa, wanaharakati wakaweka kambi, na mwaka 2003 Mahakama ya Juu ikasimamisha kazi. Bunge likajibu mwaka 2004 kwa kurekebisha sheria ya kumbukumbu za taifa, tena kwa kifungu kilichoutaja mradi ule waziwazi. Mwaka 2005 magari yakaanza kupita. Maarifa yalipatikana Carrickmines pia. Wachimbaji walifanya kazi yao. Kinachonitisha ni jinsi sheria ya urithi wa nchi nzima ilivyoguswa ili kipande kimoja cha barabara kipite. Coleshill inanifundisha kwamba kuchimba vizuri ni faida. Carrickmines inanifundisha kwamba anayetaka kupita asiachiwe kuamua lini kuchimba ni vizuri.

Hadi hapa mtu angeweza kusema: basi tubaki na orodha, tuikaze kidogo, tumalize. Ningekubali kama isingekuwa suala la maji.

Tarehe 19 Julai 2022 joto lilifika nyuzi 40.3 huko Coningsby, Lincolnshire, rekodi ambayo nchi ile haikuwahi kuiona. Majira kama hayo maji ya handaki hushuka, tope la juu hupasuka, na hewa huingia kwenye nyufa. Kiatu kilichokaa miaka 700 bila kuoza hakihitaji miaka mingine 700 kuoza hewa ikishafika. Na ukame si adui peke yake. Mkulima wa jirani, ambaye shamba lake liko mita 3 nje ya ule mstari, anaweza kutandaza mabomba ya kukausha ardhi yake bila kuvunja sheria ya kumbukumbu, na maji ya chini ya handaki yakamfuata. Visima virefu vya umwagiliaji navyo vinanyonya. Kwenye ramani kumbukumbu iko salama, mpaka wake haujaguswa, hakuna aliyechukua sepeto. Ndani imekwisha.

Kusafisha nako kuna mtego wake. Handaki lisiposafishwa hujaa majani, miti huota, maji hukauka, na tope huoza. Likisafishwa, unazoa lile lile tope ulilotaka kulilinda, kama Curzon. Njia inayotumika, ya kuondoa tabaka la juu la majani ya karne hii tu na kuliacha la chini chini ya maji, ni nzuri, lakini inataka mtu ajue tabaka moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi, na hilo halijulikani bila vipimo. Kwa hiyo mwenye shamba mwenye nia njema anaambiwa asubiri, na akisubiri sana hakuna cha kuokoa.

Afrika Mashariki tunayo haya haya kwa sura nyingine. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 haikungoja orodha. Inahesabu kazi za mikono ya binadamu za kabla ya 1863, mitaro na kazi za udongo zikiwamo, kuwa kumbukumbu moja kwa moja. Ni wazo pana na la ukarimu kuliko la Waingereza. Tatizo letu ni kwamba sheria isiyohitaji orodha haihitaji pia mtu kwenda kuangalia kilichopo. Bigo bya Mugenyi huko Uganda, kusini mwa mto Katonga, ina mahandaki yanayozidi kilomita 10 kwa jumla, mengine yamekatwa hadi kwenye mwamba, na masimulizi huyahusisha na Wachwezi. Mwanaakiolojia Merrick Posnansky alichimba pale mwaka 1960. Mahandaki yale ni makavu, kwa hiyo hayana tope la kuoza, lakini mvua na kwato za ng'ombe zinayafukia polepole bila yeyote kutenda kosa. Kote huko sheria inamngoja mhalifu, wakati mharibifu mkubwa ni hali ya hewa na maisha ya kawaida.

Mfano ulionisaidia kufikia msimamo wangu hautokani na handaki. Star Carr, Yorkshire Kaskazini, ni kambi ya wawindaji wa miaka karibu 11,000 iliyopita, iliyohifadhiwa ndani ya mboji nyevu kando ya ziwa lililokauka. Uchimbaji wa 1949 hadi 1951 uliifanya maarufu kwa pembe za kulungu na mbao zilizotoka zikiwa imara. Watafiti waliporudi katika karne hii walikuta mboji imekauka na kuwa na asidi kali, mbao zimebanwa, mifupa imelainika. Eneo liliorodheshwa 2011. Lakini kwa vile kuliacha chini kulikuwa sawa na kuliacha life, ruhusa ilitolewa na kati ya 2013 na 2015 likachimbwa kwa upana. Kumbukumbu iliyolindwa kisheria ilifukuliwa ili isipotee, na walioamua hivyo walikuwa walinzi wenyewe.

Naona mahandaki yanahitaji ujasiri huo huo. Lenye maji ya kutosha, liachwe, na ulinzi wake utoke kwenye mstari wa mita 2 ufike kwenye maji yanayolilisha: mabomba ya jirani, visima, mifereji. Lililokwisha kukauka hadi chini, libaki kwenye orodha kwa ajili ya umbo lake na misingi iliyo kisiwani, lakini mwenye shamba apunguziwe masharti, kwa sababu tunachomzuia kukigusa hakipo tena. Na lile la katikati, lenye tope bado bichi lakini maji yanapungua kila kiangazi, lichimbwe sasa, na wataalamu, kwa fedha za umma, kabla halijatuachia vumbi.

Najua pingamizi lake, na ni la kweli. Kuchimba ni kuharibu. Huwezi kurudisha tabaka ulilolitoa. Wachimbaji wa miaka ya 1970 hawakujua kwamba siku moja vinasaba vya mimea na wanyama vingesomwa kutoka kwenye tope lenyewe, na walichomwaga pembeni kama taka leo kingekuwa dhahabu. Wajukuu wetu watakuwa na mbinu tusizoziwaza. Tena kiatu kikitoka majini kinahitaji matibabu ya gharama ili kisisinyae, na ghala za makumbusho zimejaa. Kwa handaki lenye maji, hoja hii inatosha kabisa kunizuia. Kwa linalokauka haitoshi, kwa sababu huyo mjukuu na mbinu zake atakuta udongo mtupu.

Linabaki suala la fedha, ambalo ndilo alilolianzisha mwenye shamba. Baada ya kujitoa Umoja wa Ulaya, Uingereza iliahidi kwamba ruzuku ya kilimo italipia manufaa ya umma, na kutunza mabaki ya kale kuliingia katika hesabu hiyo. Kumlipa mkulima aache kulima kisiwani na ayaweke maji kwenye kimo fulani ni haki kabisa, na kunamgeuza kutoka mtu anayezuiwa na kuwa mtu anayetunza. Lakini Machi 2025 mpango mkubwa kati ya mipango ya ruzuku hiyo ulifungwa ghafla kwa waombaji wapya, na wakulima waliokuwa wanajiandaa wakabaki njiani. Ukimwomba mtu atunze maji mwaka hadi mwaka, mkataba wako nao uwe wa kutegemewa hivyo.

Wakati fedha hizo zinajadiliwa, kazi moja inaweza kuanza bila sheria mpya. Ni kutumbukiza mabomba membamba yenye matundu kwenye ukingo wa kila handaki lililoorodheshwa na kusoma kimo cha maji mara moja kwa mwezi. Mwenye shamba anaweza kusoma, mwanafunzi wa chuo anaweza, mwalimu wa kijiji anaweza. Vipimo vya misimu michache, kiangazi na masika, vingeonyesha ni mahandaki yapi yamebakiza muda, na yapi wachimbaji wayafikie kwanza.